Radhi za Bibi wa Vifungo

Kila mwaka, siku chache kabla ya mfungo mkubwa wa dini yake, mwajiri wangu aliniita nyuma ya duka, kati ya maboksi ya zipu na marobota ya bitana, akavua miwani na kusema: "Kama nimekukosea mwaka huu, kwa kujua au kwa kutojua, naomba unisamehe." Kisha alingoja, mikono ameishusha, macho hayabanduki usoni pangu.

Mara ya kwanza nilidhani nafukuzwa kazi. Mwaka uliofuata nilidhani anaumwa. Kwetu Morogoro mtu akizunguka kuomba radhi, huwa ana safari ndefu au anaaga kabisa. Nikamwuliza, "Unasafiri?" Akashangaa. "Nisafiri kwenda wapi? Nani atafungua duka?" Nikamwambia nimemsamehe, akasema asante, akanituma nikapange lastiki.

Mimi si mtu wa kuamini haraka. Mume wangu alikuwa mtoto wa hapa Afrika Kusini aliyekimbilia kwetu wakati wa mapambano dhidi ya ubaguzi. Alinioa kulekule, nikaja naye Johannesburg waliporuhusiwa kurudi, na tangu nifike hapa nimeahidiwa mengi matamu ambayo sikuyaona. Kwa hiyo mwajiri anaponiomba msamaha bila kutaja kosa, mimi huanza kulitafuta hilo kosa.

Nitamwita Bibi wa Vifungo, maana ndivyo mafundi cherehani wa Kikongo walivyomwita, na wao ndio waliokuwa wateja wetu wakubwa. Alizaliwa wapi, ukoo wake upi, sijui. Ningemwuliza ya kwake angeniuliza ya kwangu. Nilijua kwamba ni Myahudi, kwamba watoto wake walihamia Australia, na kwamba wenzake wote wenye maduka katika mtaa ule wa katikati ya mji walikwisha funga na kuhamia vitongoji vya kaskazini, yeye akabaki. Alikuwa mfupi, mgongo umepinda kidogo, midomo imepakwa rangi nyekundu tangu asubuhi. Shingoni alining'iniza futikamba hata siku ambazo hakupima kitu.

Mwanzoni aliniita "msichana". Nikamwambia nina watoto wawili na nywele nyeupe zimeanza. Hakubisha. Kuanzia siku hiyo aliniita Mama Neo, kwa jina la mwanangu wa kwanza, na mteja aliyethubutu kuniita vinginevyo alisahihishwa mbele ya watu.

Tukubaliane kwanza kwamba hata yeye hakuamini kitu. Hakuamini vipimo vya kiwandani: kila robota la lastiki lililoingia alilifungua na kulipima upya. Hakuamini lebo. Mtu akimletea kitambaa akisema ni sufu tupu, alichomoa uzi mmoja, akauwasha kwa kiberiti, akaunusa moshi wake, kisha akatoa hukumu: "Muongo huyu." Wanaume wa dini yake walikuja na makoti yao mapya ili awachunguzie, kwa sababu kwao ni mwiko kuvaa nguo iliyochanganya sufu na kitani. Nilisimama pembeni nikitazama wazee wazima wenye ndevu wakingoja kuambiwa kama koti lina dhambi. Nikajisemea, hapa kuna mambo ambayo sisi wengine hatuambiwi.

Na chakula. Nilipoanza kazi nilimletea pilau, nimeipika kwa moyo wangu wote. Akanishukuru, akaifunika, akanirudishia. Kesho yake nikaleta sambusa, ikawa vilevile. Nilikasirika sana. Nikajua ananiona mchafu, au ananiogopa kwamba nitamtilia kitu. Hadi siku moja nilikuwa na machungwa kwenye mkoba, nikaliweka moja juu ya kaunta, akalichukua mwenyewe, akalimenya na kulila lote huku ananisifia. Akanieleza kwamba dini yake ina masharti ya sufuria, ya nyama na ya maziwa, ila tunda zima halina neno. Maelezo niliyasikia. Lakini nilichukua muda kuyaamini, na kwa muda huo nilimletea machungwa tu, tena nikayachagua yasiwe na hata mkwaruzo.

Jambo moja tulielewana bila kuelezana. Hakuhesabu watu. Ilipofika saa ya kufunga geti la chuma alitaka kujua kama sote tumetoka, akatunyooshea kidole na kusema, "Si mmoja, si wawili, si watatu." Fundi Mukalay, mteja wetu wa kutoka Lubumbashi ambaye alikuwa anashinda pale dukani zaidi kuliko kwenye cherehani yake, alidhani bibi amechanganyikiwa. Mimi nilielewa. Bibi yangu mzaa mama hakukubali hata siku moja kuhesabu wajukuu wake, akisema wakihesabiwa watapungua. Nilimtazama yule mama wa Kizungu akituhesabu kwa kutotuhesabu, nikamwona ni mtu wa nyumbani, na hilo nalo likanitia wasiwasi.

Sikukuu zake zilikuja mwisho wa mwaka, ila alikuwa na miisho miwili. Mwaka wao unaisha vumbi la Septemba linapovuma na mvua bado haijanyesha. Alikuja na matofaa na asali, akampa kila mmoja wetu kipande, akatutakia mwaka mtamu. Nikamwambia kwetu mwaka mpya ni Januari. Akasema, "Huo nao nitausherehekea, usiwe na wasiwasi." Baada ya hapo ndipo yalipokuja maombi ya radhi, kisha ile siku yao ya kufunga bila hata maji, na kesho yake alirudi kazini mnyonge lakini mchangamfu.

Mwisho wa pili ulikuwa Desemba, kwenye Hanuka, sikukuu yao ya mishumaa. Kwa kuwa nyumbani aliishi peke yake, alileta kinara chake dukani, akakiweka dirishani nyuma ya nondo, na jua likikaribia kuzama aliwasha mishumaa kabla ya kufunga. Jioni ya kwanza mmoja, ya pili miwili, ikiongezeka hivyo hadi minane. Fundi Mukalay alilitazama jambo hilo kwa makini.

"Mama Neo," alininong'oneza kwa Kiswahili cha kwao, "unaona vile mishumaa inaongezeka? Na bantu nabo banaongezeka. Ile njo dawa ya biashara."

"Ni Desemba, Papa. Kila mtu anashona nguo za Krismasi."

"Sawa. Unaona bantu banaongezeka, ao habaongezeke?"

Watu walikuwa wanaongezeka kweli. Kuanzia hapo nilimwona akija kusimama karibu na dirisha, mkono mmoja ameuegemeza pale mishumaa ilipo, akijidai anachagua uzi. Nilimcheka, lakini na mimi nilikuwa na langu. Jioni moja umeme ulikatika kwa mgao nikiwa nasaka zipu ya mteja. Nikakivuta kinara kidogo ili nione. Bibi alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Hapana! Huo mwanga si wa kufanyia kazi!" Ni wa kutazama tu, alisema, hairuhusiwi kuutumia. Nilitafuta zipu gizani kwa kupapasa, huku mishumaa mitano inawaka bure mbele yangu. Nilimwona mchoyo wa mwanga, na nilimwambia hivyo. Akacheka hadi akakohoa, akasema ni kweli.

Sasa nifike kwenye sanduku.

Alikuwa na kisanduku cha bati chenye vifungo vya ganda la chaza, vilivyokuwa vya mama yake. Havikuuzwa. Vilikaa rafu ya juu nyuma ya kaunta, na siku duka likipooza alivimwaga kwenye kiganja, akavigeuzageuza, akavirudisha. Mwezi wa kwanza mwaka mmoja aliinua mkono kukichukua, rafu ikawa tupu. Tulipekua duka zima. Hakusema neno baya. Hakumtaja mtu. Ila funguo za nyuma nilikuwa nazo mimi, na rafu ile nilikuwa naipangusa mimi.

Jioni hiyo, mlangoni, mafundi wakiwa wamejaa, aliniambia, "Mama Neo, nionyeshe mkoba."

Nilidhani sijasikia vizuri. Akarudia. Nikaufungua. Mlikuwa na Biblia, khanga na hotpoti tupu. Alitazama, akatikisa kichwa kwamba nipite. Fundi Mukalay aligeuka akatazama ukuta.

Aliupekua na kesho yake, na keshokutwa, na kila jioni hadi duka lilipofungwa, na hiyo ni miaka. Watu huniuliza kwa nini sikuacha kazi. Ningeiacha ili iweje? Ningetoka pale, wizi ungebaki na jina langu. Mtaa mzima, kuanzia stendi ya teksi hadi kwa wachuuzi wa mahindi, ungesema yule Mtanzania alichukua vifungo vya bibi akatoroka. Sikuwa na shamba wala nyumba katika mji huu, nilikuwa na jina tu. Kwa hiyo nilibaki, kila jioni nikaufungua mkoba wangu mbele ya watu, nikingoja siku atakayosema, "Si wewe."

Nilimkomoa kwa njia zangu. Niliweka nguo za ndani juu kabisa, ili aanze nazo. Siku moja niliweka samaki mbichi, hakufungwa wala nini. Bibi alimtazama samaki, samaki akamtazama bibi, akasema, "Huyu ana magamba, huyu hata mimi naruhusiwa kumla." Wateja walicheka. Na mimi nilicheka, jambo lililoniudhi njia nzima hadi nyumbani.

Na mtu huyohuyo, mume wangu alipofariki, alikuja kwangu. Tunakaa karibu na Joubert Park, ghorofa ya saba, na lifti ilikufa siku nyingi kabla ya marehemu. Alipanda ngazi zote hizo kwa miguu yake mibovu. Akaingia, akakataa kiti, akaomba kigoda cha chini kabisa, akaketi karibu nami bila kusema chochote, mchana mzima. Alikuwa ameleta bakuli la mayai ya kuchemsha. Mayai, msibani! Wanawake waliokuwa wakinisaidia walitazamana. Mmoja alinivuta jikoni akaniambia hata kwa mtutu wa bunduki hayaguswi, nani ajuaye yamesomewa nini. Bibi alipoondoka tu, yalitupwa. Nilikuja kujua baadaye kwamba kwao ndicho chakula cha wafiwa, cha duara, hakina mwanzo wala mwisho. Nikasikitika kwa ajili ya mayai yale. Niliporudi kazini baada ya msiba, alinikumbatia asubuhi, akalia. Jioni akaniambia, "Mama Neo, mkoba."

Ndiyo sababu maombi yake ya radhi yalinichoma. Baada ya kupotea kisanduku, kila mwezi wa tisa nilikwenda nyuma ya duka nikisema mwaka huu atalitaja kosa lake. Alivua miwani. "Kama nimekukosea mwaka huu, kwa kujua au kwa kutojua." Basi. Nami nilijibu, "Nimekusamehe," kama mtu anavyojibu salamu, na saa ya kufunga nikaufungua mkoba.

Nilimweleza Fundi Mukalay. Alikuwa na pini mdomoni, akazitoa ili aseme vizuri. "Muntu haombake pardon bure, Mama. Uyu mubibi eko na kitu."

Nilikuwa na uhakika huohuo. Ila sikujua ni kitu gani, na nilijibu "nimekusamehe" mwaka baada ya mwaka, bila kujua natia sahihi wapi.

Duka lilifungwa miaka michache iliyopita. Magoti yalimshinda, jengo likauzwa, na waliolinunua wanauza blanketi. Mimi nilipata kazi Newtown, kwa mtu anayeshona sare. Watoto wa Bibi walioko Australia walimtafutia nafasi katika nyumba ya wazee wa jamii yao, huko kaskazini. Tuliagana vizuri. Jioni ya mwisho, akiwa hana hata kifungo kimoja cha kuibiwa, aliutazama mkoba wangu, mkono ukaanza kuinuka, akaushusha.

Desemba iliyopita akanipigia simu. "Mama Neo, njoo ule donati." Nilikaa na simu ile mkononi. Nikawaza ameandika wosia, au amepotewa na kitu kingine. Mwanangu, ambaye Kiswahili anakisikia tu, aliniambia kwa Kiingereza chake kwamba labda ananikumbuka. Nikamwambia hamjui.

Nilikwenda. Ilikuwa sebule kubwa yenye baridi ya kiyoyozi, kina mama wazee wamekaa duara, mikongojo yao imeegeshwa kando, na dirishani kinara kimewashwa jioni yake ya tatu. Televisheni ilikuwa inajisemea. Bibi alikuwa amepungua nusu, lakini rangi ya mdomo ilikuwepo. Nilipewa donati yenye jamu ndani, nikaila nusu, nikangoja niambiwe nilichoitiwa.

Akavua miwani.

"Mama Neo, naomba unisamehe."

Nikafanya hesabu upesi kichwani. Mwaka wao mpya ulipita. Siku ya kufunga ilipita. "Hii sikukuu yenu nayo inadai msamaha?" nilimwuliza.

"Hapana. Hii ni ya mishumaa na mafuta tu."

"Basi nani amekutuma?"

"Hakuna." Akavuta pumzi. "Nakuomba radhi kwa sababu ya kisanduku. Nilikipata."

"Lini?"

"Mwaka uleule kilipopotea. Nilikuwa nimekifunga pamoja na kinara, mwisho wa Hanuka iliyotangulia. Ilipofika Hanuka nyingine nikafungua boksi nyumbani, kikawemo."

Niliirudisha nusu ya donati kwenye sahani. "Ulijua," nilisema. "Miaka yote hiyo ulijua si mimi."

"Nilijua."

"Na bado ukaendelea kunipekua."

"Ningeacha, ungeniuliza kwa nini nimeacha. Nikaona aibu. Kesho yake aibu ikawa kubwa zaidi, na mwezi uliofuata zaidi ya hapo." Alikuwa anaongea polepole, bila kunikwepa. "Kila mwaka nilipokuomba msamaha wa jumla, nilijiambia na hili limo."

Nilisimama. Kina mama wote walikuwa wamegeuka, nami sikujali. "Umenipekua mkoba kama mwizi," nikasema, "kumbe mwizi ni wewe. Ulikuwa unaniibia msamaha."

Bibi aliinamisha kichwa, akakiinua. "Ndiyo," alisema. "Sasa nakuomba nikiwa nimekitaja. Utanisamehe?"

Nilitamani kusema ndiyo. Mdomo ulikwisha zoea. Lakini kitu ndani yangu kilikataa katakata kutoa kwa bei ya zamani. "Hapana," nikamwambia. "Leo sikusamehe."

Niliona mabega yake yakishuka, na nikamshuku mara moja: alionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo, si aliyenyimwa kitu. "Vizuri," alisema. "Njoo Alhamisi, nitakuomba tena."

"Na nikikataa?"

"Nitakuomba mara ya tatu. Sheria yetu ndiyo hiyo. Baada ya hapo dhambi inahamia kwako."

Bado anafanya biashara, nilijisemea nikienda kutafuta teksi. Nililia kwenye robot, taa za kuongozea magari za barabara kuu, mbele za watu, taa zikibadilika mara nyingi bila mimi kuvuka. Miaka yote ile sikuwa nimelia kwa ajili ya mkoba ule.

Alhamisi nilirudi. Kina mama walikuwa wameshakaa mapema kwenye viti vyao, na safari hii televisheni ilizimwa. Kabla hajaanza nilimpa sharti: Fundi Mukalay asikie, maana yeye ndiye aliyekuwa anageukia ukuta. Tukampigia, simu nikaiweka mezani sauti wazi. Bibi akasema yote kwa Kiingereza chepesi, mimi nikatafsiri: kisanduku kilipokuwa, alipokipata, jioni zote za mlangoni alizokuwa anajua. Alikwama alipofika kwenye mkoba, akarudia tangu mwanzo wa sentensi ili asiliruke neno hilo.

"Mama Neo," Fundi alisema, "siye bote tulijuaka haiko weye. Hakuna hata moya aliyesema njo weye."

Nilikuwa nimelilinda jina langu peke yangu muda wote huo, na hao mafundi walikuwa wamelishika pamoja nami bila kuniambia. Nilimtazama Bibi. Hakuwa na haraka. Akaniomba tena, nikamsamehe, na katika misamaha yote niliyowahi kumpa, huo ndio wa kwanza niliojua ni wa nini.